Blanketi Moja na Binti Yangu

Nimekosa, tena nimekosa kwa bidii. Afadhali niseme mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia kwa njia yake.

Ule mwaka wa Corona, kanisa letu hapa Gitothua lilipofunguliwa tena, mimi ndiye niliyepewa kipima joto cha mlangoni. Jamani, cheo! Nilikielekeza kwenye paji la uso la kila muumini kama askari. Bibi kizee mmoja alikohoa mara moja tu, nikamzuia.

"Ni vumbi ya barabara, mwanangu," akajitetea.

Nikamrudisha nyumbani akasome Biblia peke yake.

Na mimi? Mimi nilikuwa na miezi minne nikikohoa! Kifua kikianza kunisumbua, nilikimbilia nyuma ya vyoo, nikakohoa ndani ya barakoa, nikarudi na peremende mdomoni. Joto langu lilikuwa sawa kila Jumapili. Homa yangu ilikuja jioni, na ibada ilikuwa asubuhi. Ujanja ulioje!

Mke wangu aliona nikikonda, suruali zikinishuka.

"Baba Shiku, hii kikohozi imekaa sana. Si uende upimwe?"

"Ngai! Unataka nibebwe na watu wa ovaroli nyeupe, majirani wote wakiangalia?"

Nilikuwa na tiba yangu, bwana. Majani ya mkaratusi, ndimu na tangawizi kwenye sufuria, blanketi kichwani, navuta mvuke. Na kwa kuwa mimi ni baba mwenye upendo, kila jioni nilimwita Shiku, binti yetu wa miaka minane, aingie nami chini ya blanketi lile ajikinge. Tulikaa humo uso kwa uso, mimi nikikohoa, yeye akicheka na kuhesabu hadi mia. Mungu wangu! Mimi ndiye niliyemwita.

Shule zilipofunguliwa, Shiku alikuwa amekonda, anakohoa, hata chapati hataki. Siku moja akaanguka kwenye gwaride la asubuhi. Tukamkimbiza hospitali Thika. Muuguzi alimpima, kisha akanisikia nikikohoa, akanigeukia mimi.

"Na wewe unakohoa tangu lini?"

"Tangu Corona ianze, sister."

"Na hukuja?"

"Niliogopa mtanipata na Corona."

Hongera kwangu, Corona sikuwa nayo. Nilikuwa na kifua kikuu, na mtoto wangu nilikuwa nimemgawia.

Tulimeza dawa miezi sita, na hatukulipa hata senti. Mimi nilipona, nikanenepa. Shiku naye alipona, lakini pafu lake moja liliharibika. Zamani aliongoza nyimbo za watoto kanisani bila kupumzika. Sasa anaimba nusu ya mstari, anasimama avute pumzi, na wenzake wanamngoja. Mimi huwa nimekaa benchi la nyuma nikisikiliza. Inaniuma, jamani!

Juzi baridi iliponipa mafua, nilichemsha majani yangu tena. Shiku akaja na blanketi mkononi.

"Baba, na mimi niingie?"

Nilimwaga yale maji nje, nikaenda kupimwa.

Sasa wewe unayekohoa wiki ya pili, unakunywa tangawizi na kujifanya daktari: nenda wakupime makohozi. Nenda leo! Na kama kuna mtoto ameketi hapo karibu nawe, mtoe kwanza.