Nyama Nyekundu Mbele ya Mkwe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza kwa kuchunga mbuzi wa watu Balambala, shule niliiacha darasa la tatu, na leo malori yangu ya ng'ombe yanajulikana Garissa nzima. Basi baba wa msichana aliyeposwa na mwanangu nikampeleka mkahawa wa kifahari wa nyama, ule wa vitambaa vyeupe mezani. Mhudumu akauliza nyama iive kiasi gani. Nikajibu, "Kama mnavyowapikia wakubwa."

Mzee alipokata, maji mekundu yakatapakaa sahanini. Akaweka kisu chini.

"Haji, umenialika nile damu?"

Wallahi!  Neno moja tu la yule mzee na harusi imevunjika, na mwanangu hatanisamehe. Nikamwapia kwamba ng'ombe alichinjwa kwa bismillahi. Hakunitazama.

"Kwetu," akasema mwishowe, "mwenyeji akimkosea mgeni, huchinja, na yakaisha."

Hapo nikapumua. Kesho yake nilichinja ngamia nyumbani kwake, nyama ikachemka mpaka ikaacha mfupa. Ngamia huyo alinigharimu shilingi laki moja, elfu thelathini na mbili na mia tano.