Boga la Wifi Ndilo Tamu

BARIADI, 1996

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Milembe Masunga tayari ana hasira. Amepanga maboga yake juu ya gunia, mlangoni kabisa mwa gulio, mahali ambapo mnunuzi hawezi kumkwepa. Anayapigapiga kwa vidole huku jicho liko barabarani.

"Hajafika," anasema, hasira ikigeuka raha. "Leo nimemwacha mbali."

Asiyefika ni wifi yake, Nyanjige, dada wa mumewe. Mashamba yao yanapakana. Mbegu walipewa na mtu mmoja, mama mkwe wa Milembe, ambaye ndiye mama mzazi wa Nyanjige. Wote wawili wanauza maboga hapa hapa. Wanasalimiana vizuri; zaidi ya hapo usiulize.

Kabla ya soko huria, nyumba ya Milembe ilitegemea pamba. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na bei zao: mwaka huu nzuri, mwaka ujao kilio. Basi karo ya mwanawe Salu inatoka kwenye maboga, shilingi mia mbili kwa moja. Mnunuzi wake wa uhakika alikuwa Athanasi, mwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Tangu msimu uliopita Athanasi ananunua kwa Nyanjige.

Leo anapita kwa Milembe kwanza. "Mwangaluka, mama Salu. Hebu lipasue nione."

"Boga zuri hivi, unataka kuona nini tena?"

"Wewe pasua tu."

Kisu kinaingia kirahisi mno. Ndani ni peupe, njano kwa mbali sana, na maji yanachuruzika. Nyuzi zimegandana na ute. Mbegu ni laini, bapa, hazina kitu. Athanasi anagusa nyama ya boga kwa kidole, anaguna, anasogea mbele.

Huko Nyanjige ndiyo kwanza anateremsha mzigo kwenye baiskeli. Boga lake linagoma kupasuka, linapigwa kisu mara ya pili, ndipo linafunguka. Nyama yake ni nzito, ina rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na mbegu nene zinaachia zenyewe kwenye nyuzi. Athanasi anachukua mzigo wote.

"Umeona?" Milembe ananigeukia mimi mwandishi, macho yamemwiva. "Mama mkwe alimpa bintiye mbegu nzuri, mimi akanipa makapi. Namwonea wivu, ndiyo, andika! Hata chakula hakipiti."

Namfuata Nyanjige na shutuma hiyo. Anacheka mpaka anashika kiuno.

"Mbegu zilitoka kibuyu kimoja! Wifi anachuma machanga ili anitangulie sokoni. Boga unaliacha mpaka kikonyo kikauke, ulibonyeze kwa ukucha na ukucha usizame."

Mbona hukumwambia? namuuliza.

Kicheko kinakatika. "Mama alipougua alikataa chakula changu. Boga alilokubali kula ni lililopikwa kwa mkono wa Milembe. Mimi bintiye wa kumzaa, jamani! Basi na mimi nina wivu wangu."

Ninapomfikishia Milembe maneno hayo, anang'aka. "Yaya, hapana! Misimu miwili ananiona nachuma, amenyamaza tu! Nami nachekelea eti nimemwacha mbali."

Mchana tunarudi kupitia shambani kwake. Boga kubwa kuliko yote limelala chini ya majani. Milembe anainama na kulibonyeza. Ukucha unazama. Hata hivyo mkono wake umeshakamata kikonyo, kibichi bado. Ng'ambo ya mpaka, Nyanjige amekwisha kurundika maboga yake ya gulio lijalo.

"Atanitangulia," anasema, na kikonyo hakiachii.

Anaangalia alama ya ukucha kwenye ganda. Kisha anaachia, analifunika boga kwa majani na kujipangusa mikono kwenye kanga.

"Haya, atangulie. Yakikomaa, Athanasi atanirudia mwenyewe na Salu atasoma. Lakini hili la kwanza siuzi. Nitampikia mama mkwe, na wifi nitamwalika aje amwangalie anavyokula."