Mlango wa Mawe wa Wasini

Siku yangu ya kwanza kazini, muda mfupi baada ya uhuru, nilivaa viatu vipya nilivyonunua Msambweni. Nyapara wetu wa njia akavitazama, akacheka. "Hivyo utavizika Ijumaa, mwanangu. Jiwe la hapa lina meno." Akanipa ndara za tairi.

Kazi yetu ilikuwa kuwatembeza wageni katikati ya matumbawe ya kale kisiwani Wasini, mawe makubwa yaliyogugunwa na bahari hata mengine yakabaki na kichwa kipana juu ya mguu mwembamba. Tuliingia maji yakipwa, tukatoka kabla hayajajaa. Wallahi, sijaona uzuri kama ule.

Katikati ya njia palikuwa na ufa tuliouita Mlango. Alipita mtu mmoja tu, kwa ubavu, na desturi ilikuwa kupiga hodi kwanza. Aliyemo ndani akiitika "Bado!" unangoja, akishatoka husema "Karibu!"

Siku moja tuliambiwa anakuja mheshimiwa kutoka Nairobi, mtu wa mwili. Mhifadhi, bwana mkubwa wetu, akaamuru ufa upanuliwe.

"Akikwama hapa, uso wangu nitauweka wapi?"

"Bwana, jiwe likivunjwa halioti tena," Nyapara alimjibu kwa adabu. "Niachie mimi. Nikishindwa, nifute kazi."

"Vyema. Lakini nyundo ije."

Nyundo nikabebeshwa mimi. Niliogopa sana, maana Nyapara alikuwa na watoto wadogo na Mhifadhi hakuwa mtu wa mzaha.

Nyapara akatangulia, akapita, akaita kutoka upande wa pili: "Karibu, mheshimiwa! Vua koti. Mkono wa kulia mbele. Toa pumzi yote, usivute mpaka unifikie."

Mheshimiwa akaingia. Tumbo likagota. Mhifadhi akaninyooshea mkono kutaka nyundo, nami nikaikumbatia.

"Pumzi ingalipo, mheshimiwa! Itoe!"

Mheshimiwa akaangua kicheko, kicheko kikamaliza pumzi iliyobaki, akateleza akatoka. "Jiwe hili lisiguswe," alisema, huku akipangusa shati.

Niliifanya kazi ile mpaka nikastaafu, nami nikiwa nyapara. Juzi nilirudi na wajukuu. Nikapiga hodi. Binti anayeongoza wageni siku hizi akaitika, "Karibu, babu!" Nikavua koti, nikatanguliza mkono, nikatoa pumzi yote.

Wapi! Uzee umenipa tumbo la mheshimiwa. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikarudi nyuma, nikalipapasa jiwe, nikamwombea Nyapara rehema, kisha nikawaambia watangulie wao.