Umri wa Kyungu

Kiangazi kikifika Kamina, harufu ya nyasi zilizoungua huingia hadi ndani ya blanketi, nami hukosa usingizi. Wavulana wa mtaa wetu walizoea kuchoma nyasi ili panya wa porini watoke mashimoni. Mwaka ule upepo uligeuka ghafla, moto ukala magunia ya makaa ya mfanyabiashara mmoja. Wavulana wengine walikimbia, ndugu yangu Kyungu alibaki akiupiga moto kwa matawi, ndiyo maana akakamatwa yeye.

Mimi na yeye tulikuwa na miaka kumi na miwili. Sheria yetu inasema mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minne hahesabiwi mhalifu: huelekezwa, hafungwi. Lakini Kyungu alimpita mama kwa urefu, na vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo. Komanda wa kituo cha polisi alitaka kumpeleka gereza la watu wazima jioni ileile.

“Huyu iko muntu mukubwa! Inabakia tu kumupatia bibi.”

Mama alinisukuma mbele, mimi Kabange, msichana mwembamba kama bua la mahindi. “Shefu, huyu njo pacha yake. Nilibazala siku moja.”

“Huyu? Mama, unanicheka?”

Kila Mluba anajua Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha, lakini komanda alisema jina kila mtu anaweza kumpa mwanawe. Mama akatoka kuwaita majirani. Mkono mmoja haulei mwana: wanawake walikuja wakigonga sahani, wakaimba nyimbo za mapacha. Nyimbo hizo zimejaa matusi, na kwa desturi yetu huimbwa kwa ajili ya wazazi wa mapacha tu. Anayeziimba kwa uongo hujitafutia balaa. Walilitukana tumbo la komanda, masharubu yake, na mengine nisiyoweza kuandika. Askari walificha nyuso wakicheka. Komanda, mzaliwa wa Kabongo na Mluba kama sisi, aliijua desturi: nyimbo hizo zilitosha kuwa ushahidi.

“Inatosha, ba mama! Mubebe mutoto wenu!”

Kyungu alimwomba radhi mwenye makaa, akamsaidia kupakia magunia hadi mvua zilipoanza. Leo ni fundi wa reli. Mimi huwahimiza wazazi wawaandikishie watoto vyeti vya kuzaliwa mapema. Wengi huitikia, wengine husema watakwenda baada ya mavuno. Juzi, nikipita mbele ya kituo kilekile, nilimwona mvulana mrefu ameketi sakafuni peke yake. Niliingia kuuliza ana miaka mingapi. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nikavuta kiti, nikaketi.