Kilo Mbili Zilizopotea Kliniki

Juzi katika kliniki moja ya Thika, karani alikuwa akitusifia kompyuta mpya. Zamani kila mtoto alipopimwa aliongezewa mstari; sasa kila jina lina mstari mmoja tu, na miezi imekuwa safu, kushoto kwenda kulia. Akaweka kidole kwenye jina la mwanangu: mwezi wa tano kilo tisa, wa sita saba.

"Mama, huyu anaisha."

Nikalia papo hapo, ni maziwa yangu, ni maji ya mtaani kwetu Kamenu, ni mimi, nitamwambia nini baba yake!

Mke wa ndugu wa mume wangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akanivuta leso. "Ngai! Hiyo tisa ni ya wangu. Si sote tuliwapa jina la babu yao?"

Karani akakuna kichwa. "Kumbe nimewajaza watoto wawili mstari mmoja."

"Na wewe," shemeji akanigeukia, "si umembeba? Husikii uzito?"

Nilikuwa nikiusikia tangu asubuhi, mgongo ukiniuma, lakini mimi wa kidato cha nne niliamini kioo cha kompyuta. Siku hizi nikiulizwa mtoto anaendeleaje, namnyanyua kwanza, halafu ndio najibu.