Lori Lililala kwa Mke Mwenzangu, Nyumba ya Kuuzwa ni Yangu

Admin naomba unifichie jina, Sirari huku mpakani tunajuana. Nina miaka 41, mama wa watoto wanne, mke mkubwa. Mume wangu ana lori moja, analiendesha mwenyewe. Hubeba mizigo ya kutoka Kenya inayopita tu hapa nchini kwenda Burundi.

Dhahabu ilipopamba moto kule Nyamongo, akaoa mke wa pili huko, binti mwenye duka la soda na vocha. Nilinyamaza, ila kila lori likiwashwa roho inaniuma, najua atakunja kona aende kwake.

Safari hii alipakia vitenge. Badala ya kunyoosha barabara ya Mwanza, akaingia machimboni, akalala kwa huyo mwenzangu. Asubuhi wakakuta lakiri ya forodha iliyofunga mlango wa mzigo imekatwa, lori tupu.

Afisa wa forodha alimwambia nikiwepo, "Pole mzee. Lakini mzigo umepotelea ndani ya nchi, ni kama umeuzwa hapahapa. Ushuru lazima ulipwe, na wa kulipa ni wewe uliyeubeba."

"Si nimeibiwa jamani?"

"Wizi peleka polisi. Halafu machimboni ulifuata nini? Ile si njia yako."

Jibu nilikuwa nalo mimi.

Sasa lori limezuiliwa mpaka alipe. Anataka tuuze nyumba hii, niliyoijenga mwenyewe kwa kubadilisha pesa hapa mpakani. Kwa hasira nikamuuliza, "Kwa nini usiuze duka la yule?"

Haikupita wiki, yule binti akaja mwenyewe, akapiga magoti. "Shikamoo dada. Duka nimeshauza, hela nimempa mume wetu. Haitoshi, ila ndicho nilichokuwa nacho."

Mume wangu alikuwepo, na alivyomtazama! Mimi hajanitazama hivyo miaka mingi. Mama mkwe naye tangu siku hiyo anamsifia kila anakopita.

Jamani, huo ushuru hauniumizi kama huu wivu. Nikiuza nyumba, nimelipia usiku aliolala kwa mwenzangu, na mimi na wanangu tukapange. Nikikataa, lori litapigwa mnada, na mke mwema atakuwa yule aliyeniharibia. Jumapili mume wangu anataka jibu. Wanawake wenzangu mnaosoma hapa, hasa mlio na wake wenza, mngekuwa mimi mngemjibu nini?