Mtutu Uliokonda Upande Mmoja

Kosa langu lilikuwa kuufunga mtutu wa bunduki kwenye mashine ya kukereza na kutafuta katikati yake kwa nje. Ukerezaji nilijifundisha mwenyewe hapa Muhima, kwa bushi za pikipiki, vile vibomba vifupi vya chuma, na bushi ukiishika sawa kwa nje, ndani nako kuko sawa. Nilidhani kila chuma ni hivyo.

Bunduki ilikuwa ya marisau, ya zamani, ya mzee mmoja wa Busanza aliyekulia Tanzania. Baba yake aliinunua huko ukimbizini. Mzee alikuwa na kibali, na karakana yetu pia. Kila msimu ndege walimmalizia mpunga bondeni. Mdomo wa mtutu ulikuwa umebanwa kidogo kwa ndani ili marisau yaruke pamoja. Yeye alitaka upanuliwe, yatawanyike mapema.

Nilikaa nao siku tatu. Napima, nafuta, napima tena.

“Wewe kijana, sha,” bosi akanitania, “unakereza chuma ama unakiposa?”

Wenzangu walicheka. Nilicheka nao, nikarudi kupima.

Nilipomaliza kung'arisha ndipo nikapima unene wa mdomo. Upande mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa mwembamba kama kopo la maziwa. Tundu la ndani halikuwa katikati tangu kiwandani, nami nilikuwa nimekula chuma cha upande mmoja tu. Bunduki ikifyatuliwa, mtutu ungeweza kupasuka.

Bado nimeshika kipimo, mzee akaingia. Akaupitisha mkono juu ya mtutu.

“Fundi, umeirudishia ujana! Mungu akubariki, mwanangu.”

“Asante, mzee.”

Hilo tu ndilo nililosema. Nilimfungia bunduki kwenye gunia, akaondoka.

Siku mbili niliendelea na kazi. Nilijiambia kwamba labda chuma kitahimili, kwamba bosi atanifukuza, kwamba mpunga haujakomaa na muda bado upo. Kila nilipofikia neno labda, niliuona uso wa mzee nyuma ya ule mtutu. Siku ya tatu nilipanda basi hadi Busanza.

Nilimkuta uani, anapepeta maharage.

“Mzee, umeshaipiga?”

“Bado. Kuna nini?”

Nikamwambia yote, nimesimama. Alileta bunduki, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa mtutu, akausimamisha pale palipokonda.

“Ulijua nilipokushukuru?”

“Nilijua, mzee.”

“Na mimi nikakuombea baraka.”

Nilimwomba nimtafutie mtutu mwingine. Akasema baba yake hakumwachia mtutu mwingine. Hakunikaribisha kuketi.

Wiki iliyofuata aliipeleka polisi ikaharibiwe, na bosi akasikia habari kutoka kwa mzee, si kwangu. Hakunifukuza, ila aliacha kunitania.

Sasa sigusi mtutu wa mtu yeyote. Na kazi yoyote ikiniharibikia, namwambia mwenyewe kabla hajaishika.